Injini ya baba ilipokosa pumzi

Mwaka wa mwisho kabla haijagoma kabisa, injini ya mashine yetu ya kusaga ilikuwa ikiwaka kwa kubembelezwa. Asubuhi tuliipa maji ya moto. Baadaye ikataka maji ya moto pamoja na kitambaa chenye moto mbele ya njia ya hewa. Mwishoni ilitaka vijana wawili wa kupokezana hendeli, na moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ukijaa kibandani hadi akina mama waliokuja na makopa yao ya muhogo wanakaa nje chini ya mwembe wakikohoa. Mimi nikawa nasema ni uzee, kama vile uzee ni jibu.

Tuko kando ya barabara ya kwenda Kasulu, mbele kidogo ya Mwandiga. Huku kwetu Kigoma ugali wa muhogo ndio chakula, kwa hiyo mashine ya kijijini husaga makopa kuliko mahindi. Injini ni ya aina ya Lister iliyotengenezwa India: silinda moja, flaiwili (magurudumu ya chuma) mbili nzito, farasi 8 kwa mizunguko 850 kwa dakika, na inapozwa na pipa la maji. Baba aliinunua nikiwa sekondari na ndiyo iliyonisomesha ualimu. Alipofariki ikabaki mikononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye mtoto niliyekuwa karibu na mama. Ndugu zangu wako Dar es Salaam. Kuhusu injini nilijua mambo mawili, mahali pa kutilia dizeli na mahali pa kutilia oili.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeachiwa mashine kama mimi, ambaye kesho ataambiwa na fundi wa kwanza atakayemwona, "Mwalimu, hii tufungue tu."

Fundi wetu wa kwanza alisema ni nozeli, kile kidude kinachonyunyiza dizeli. Hakujaribu kitu. Aliangalia moshi mweupe akasema dizeli haichomwi, na dizeli isipochomwa basi hainyunyizwi vizuri. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa kweli. Nikanunua nozeli mpya na kifaa cha ndani ya pampu, pamoja na ufundi 145,000. Siku tatu iliwaka vizuri kidogo, ya nne tukarudi kulekule.

Kitu ambacho sikujua, na ambacho mtoto wa darasa la saba angenielewa ningemweleza, ni kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake unatokana na hewa kubanwa. Pistoni ikipanda huishindilia hewa iliyojaa silinda nzima hadi ikae kwenye nafasi ndogo mno, na hewa ikibanwa hivyo hupata joto la kupita nyuzi 500. Dizeli ikinyunyizwa mle inashika moto yenyewe. Hewa ikivuja wakati inabanwa, joto halifiki. Dizeli inaingia, inageuka mvuke na kutoka nje kama moshi mweupe. Hiyo ndiyo mafundi huita kukosa kompresheni. Hapo unaweza kufunga nozeli ya dhahabu, hali haitabadilika.

Kosa la pili bado linanitoa jasho nikilikumbuka. Mtu alituletea kopo la dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa, ile inayowasha injini zilizogoma. Kijana wetu akapuliza, tena kwa wingi. Dawa ile hulipuka mapema kabla pistoni haijafika juu, na injini ikapiga kinyume. Hendeli ikamrudia mkononi. Nilisikia mfupa wa kifundo ukilia kabla sijasikia yowe lake. Matibabu, nauli na kumtunza wiki sita ambazo hakuweza kufanya kazi vilinigharimu 180,000, na mama yake hakunisalimia hadi Pasaka. Alikuwa na haki. Kama injini ya hendeli haiwaki kwa nguvu za kawaida, usiitafutie dawa ya kopo. Itafutie sababu.

Fundi wa pili nilimwamini kwa sababu alikuja na geji. Baadaye niliambiwa geji ile ilikuwa ya magari ya petroli, ambayo namba zake zinaishia pale ambapo dizeli ndiyo kwanza inaanza kupanda. Hata hivyo alisema ni ringi, yale mapete ya chuma yanayovaliwa na pistoni kuziba hewa, na hapo hakukosea sana. Alifungua, akavua ringi zilizochoka, akavisha mpya alizonunua mjini, akafunga siku hiyohiyo. Ringi na ufundi, 130,000. Nikafurahi, nikapika migebuka.

Injini ilifanya kazi wiki tano. Moshi ukaanza kuwa wa bluu, oili ikawa inapungua kila siku, kisha siku moja ikatoa mlio wa kukwaruza na kupoteza nguvu ikiwa na debe kinuni. Tukazima. Akina mama wakabeba makopa yao hadi kwa jirani aliyefungua mashine ya umeme karibu na barabara. Hapo nilikuwa nimeshatumia 455,000, na sikuwa hata na jibu la swali la kwanza: hewa inavujia wapi?

Swali hilo aliniuliza mzee wa Ujiji ambaye zamani alikuwa akishughulika na injini za boti na majenereta. Nilipelekwa kwake na mwalimu mwenzangu. Nilimwamkia, akaitikia, akanitaka nieleze tangu mwanzo, si tangu ilipoharibika. Lita moja ilikuwa inasaga madebe mangapi zamani, na sasa mangapi? Nikasema zamani 5, sasa 3. Oili mnaongeza baada ya siku ngapi? Ikiwa ya moto inawaka upesi kuliko ikiwa baridi? Nani aliondoa kichujio cha hewa?

Nikashangaa amejuaje. Ni kweli tulikuwa tumekiondoa. Kile kibakuli cha oili kinachokamata vumbi kilikuwa kimejaa tope la unga wa muhogo, injini ikawa inahema kwa shida, na mtu mmoja, ambaye nitamstahi kwa kutomtaja kwamba ni mimi, akasema kiondolewe kwanza hadi tutakapopata nafasi ya kukisafisha. Ilipita miezi saba.

Mzee alikuja kibandani Jumamosi bila spana hata moja. Aliachia kile kidude cha kunyanyulia valvu, akazungusha flaiwili taratibu kwa mikono. Injini yenye afya, alisema, ukiifikisha kwenye kubana itakukatalia, na ukiilazimisha itarudi nyuma kama mpira uliopigwa ukutani. Yetu ilikaza kidogo, ikasita, kisha ikajisalimisha ikapita. Alirudia mara tano, kila mara akiwa ameelekeza sikio mahali tofauti. "Hewa haina milango mingi, mwanangu. Ikipita valvu ya kuingizia utaisikia kwenye njia ya hewa. Ikipita valvu ya moshi utaisikia kwenye ekzosi. Ikipita ringi itashuka chini kwenye oili na kutokea pale pa kupumulia. Ikipita gasketi utaona mapovu kwenye maji."

Baada ya hapo tukaazima kompresa ndogo ya mziba pancha. Mzee alikuwa na nozeli kuukuu aliyoichonga iwe ya kuunganishia mpira wa upepo. Pistoni ikawekwa juu kabisa, valvu zote mbili zimefungwa, na flaiwili ikakingwa kwa gogo, maana upepo ukiingia unaweza kuizungusha ikakukata vidole. Akafungulia upepo kidogo tu. Sasa hata mimi nilisikia. Kwenye ekzosi kulikuwa na mlio mwembamba, ssss, na kwenye mdomo wa oili upepo ulitoka hadi ukatikisa karatasi ya daftari niliyoishika. Maji ya pipani yalitulia. Kwa hiyo gasketi ilikuwa salama. Wabaya wetu walikuwa wawili, valvu ya moshi na ringi, na fundi wa pili alikuwa amemshughulikia mmoja tu, tena nusu.

Kipimo cha mwisho kabla ya kufungua kilikuwa vijiko viwili vya oili, vilivyotiwa ndani ya silinda kupitia njia ya hewa, valvu ikiwa wazi. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda. Kompresheni ikipanda, ringi au silinda ndiyo yenye kesi. Isipopanda, tazama valvu. Yetu ilipanda, ila si yote. Mzee alinikanya nisije nikafanya hivyo kwa kikombe: oili haibaniki, na nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo, utapinda konrodi, ule mkono wa pistoni, bure. Vipimo vyote hivi vilichukua asubuhi moja. Nilimlipa 20,000, hela ndogo kuliko zote nilizotoa katika mkasa mzima, na ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Tulipofungua kichwa, ilionekana valvu ya moshi imeungua ukingoni upande mmoja, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Tapeti yake, ile inayoisukuma ifunguke, haikuwa na mwanya kabisa. Valvu inapozidi kuzama kwenye siti yake, pale inapofungia, mwanya wa tapeti hupungua, na usiporekebishwa valvu haifungi sawasawa, moto unapita kila mara na kuichoma. Kurekebisha tapeti ni kazi ya dakika kumi na fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya. Hakuna aliyewahi kuigusa tangu baba afariki.

Halafu pistoni. Ringi ya juu, mpya ya wiki tano, ilikuwa vipande vitatu. Mzee aliniambia nipitishe kucha ndani ya silinda kutoka juu kwenda chini. Karibu na juu kucha ikakwama kwenye kingazi. Sehemu ya juu kabisa, ambako ringi hazifiki, chuma kilikuwa bado kizima. Chini yake kimeliwa. Ringi zilizochoka zilikuwa zimezoea umbo hilo. Mpya, yenye kona kali, ilikwenda kugonga kingazi kile kila pistoni ilipopanda, hadi ikavunjika na vipande kukwaruza laina, yaani ukuta wa ndani wa silinda.

Nilichokifurahia, kama mwalimu wa hesabu, ni hiki. Mzee alichukua ringi nyingine mpya, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa ndani ya laina, akapima mwanya kati ya ncha zake. Sehemu ya chini isiyochoka ilikuwa milimita 0.4, kama inavyotakiwa kwa silinda ya upana huu wa milimita 114.3. Sehemu ya juu, palipoliwa, milimita 2.6. Akaniuliza silinda imepanuka kiasi gani. Nikatoa: 2.2. Mzingo umeongezeka 2.2, na mzingo ni kipenyo mara 22 chini ya 7. Jibu ni 0.7. Maikromita ya ndani ilipokuja kutoka karakana ya mjini, ilisema 0.7. Niliwasimulia watoto wa darasa la saba Jumatatu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza hesabu ya duara inasaidia nini.

Hivyo ringi peke yake, hata iwe halisi kiasi gani, isingefaa katika silinda ile. Fundi akikwambia abadilishe ringi, mwombe akuwekee moja ndani ya silinda na akuonyeshe mwanya juu na chini. Akikataa kupima, mpe soda yake aende.

Na chanzo? Makopa huanikwa juu ya mawe na kandokando ya barabara, huja na mchanga. Kinu kinautimua hewani pamoja na unga, na injini ilikuwa inaunywa bila kichujio miezi saba. Unga ni laini, mchanga wake ndio msasa. Juu ya silinda ndiko oili ilipo haba na shinikizo ni kubwa, ndiyo maana huko ndiko kulikoliwa zaidi.

Hapo ukaja uamuzi, na ulinisumbua kuliko ubovu wenyewe. Kaka yangu alipiga simu akitaka ifufuliwe kwa gharama yoyote, ni mashine ya baba. Gharama yoyote, lakini hakusema atatuma kiasi gani. Mama alitaka iuzwe chuma chakavu apate amani. Mtu wa duka mjini aliniambia injini mpya ya Kichina pamoja na kuifunga ni 2,300,000. Mota ya umeme niliitamani sana, kwani kuunganishiwa umeme kijijini ni 27,000 tu, lakini laini iliyofika kwetu ni ya njia moja (fezi moja), na mota ya kinu inataka njia tatu. Jirani wa barabarani anayo kwa sababu laini kubwa inapita mlangoni pake.

Kaka akanitajia Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Si imejengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927? Injini yetu haijazama hata. Nilimpelekea mzee hoja hiyo akacheka. "Liemba waliipaka grisi kabla ya kuizamisha. Hii yenu mmeilisha mchanga."

Yeye masharti yake yalikuwa mawili. Kwanza kreki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni: ikipimwa ikawa imeliwa au imekuwa yai, tuache, kwa kuwa kuichonga na kutafuta beringi za saizi yake kungezidi thamani. Pili bloku na kichwa visiwe na ufa. Aliosha kichwa kwa petroli, akakisugua kwa chaki na kusubiri kama mstari utajitokeza. Haukujitokeza. Kreki ilikuwa duara.

Sharti langu nililiongeza mimi, la daftari. Kabla haijagoma tulikuwa tunasaga wastani wa madebe 22 kwa siku kwa 1,500 kila moja, yaani 33,000. Ikirudi kwenye madebe 5 kwa lita, dizeli ingekula kama 13,600, kijana 5,000, oili na mkanda nikaweka 2,400. Inabaki 12,000. Niliazimia nisitumie zaidi ya 600,000, siku 50 za kazi. Laiti ningeifanya hesabu hii kabla ya zile 455,000. Mtu anapoanza kutoa kidogokidogo hujiona hatumii.

Nilivuka mpaka wangu. Laina, pistoni na ringi zake kwa pamoja vilitoka mtaa wa Gerezani, Dar, kwa 310,000. Nauli ya mzigo kwa basi ilikuwa 40,000 kwani laina ya kwanza ilikuja kubwa: nilimwambia muuzaji "Lister" tu, nikadhani inatosha. Zipo zenye silinda ya milimita 120. Piga picha kibati cha injini, pima upana wa silinda na urefu wa pistoni, tuma vyote kabla ya pesa. Valvu na mirija inayoziongoza 48,000, gasketi 22,000, beringi ya konrodi 40,000, kukata siti mjini 35,000, oili na vya kichujio 45,000, ufundi 200,000, chakula na bodaboda 40,000. Jumla 780,000, yaani siku 65 za kazi badala ya 50. Nilikopa 150,000 kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, sikumwambia mama.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne, na nilikaa pale kila baada ya vipindi. Sitaeleza kila boliti. Nilimwona akipanga midomo ya ringi isitazamane, akisaga valvu na siti zake kwa dawa ya kusagia kisha kumimina mafuta ya taa juu yake na kwenda kunywa chai. Aliporudi hayakuwa yamevuja. Kabla ya kufunga kichwa moja kwa moja, aliweka waya laini wa kuchomelea redio juu ya pistoni, akafunga, akazungusha, akafungua tena na kupima unene uliobaki, ajue pistoni itaacha nafasi kiasi gani. Fundi wa pili hakufanya hata kimoja kati ya hivi, na alimaliza kwa siku moja. Ningejua, ile haraka yake ingenitia wasiwasi badala ya furaha.

Njia ya hewa tuliihamisha. Sasa bomba linatoboa ukuta na kuvuta hewa upande wa migomba, mbali na kinu. Kibakuli cha kichujio kinasafishwa kila jioni, oili yake ikibadilishwa ikishakuwa nzito.

Siku ya kuwasha, kijana aliyevunjika mkono alikataa kumwachia mtu mwingine hendeli. Nilitaka kumzuia nikaona aibu. Mzee akamwonyesha kushika bila kuzungushia kidole gumba, ili ikirudi iteleze. Ikawaka mzunguko wa sita. Hatukuiacha ikinguruma bure siku nzima, maana mzee alisema silinda mpya isipopewa kazi inang'aa kama kioo na ringi hazikai. Tulisaga nusu mzigo siku ya kwanza, tukakaza tena kichwa ilipopoa, tapeti zikapimwa upya, na oili ikamwagwa baada ya saa 25 hivi. Ilitoka na unga wa chuma unaometameta. Niliogopa. Mzee akaniambia huo ni wa ringi na laina kuzoeana, wa mara ya pili ukiwa hivi ndipo uje unigongee.

Madebe hayakurudi 22. Wateja wengine walishazoea kwa jirani, na umeme ukikatika ndipo tunawaona. Tunasaga 16 au 17, kwa hiyo zile siku zilizopangwa kuwa 65 zilikwenda karibu 100. Mkopo wa kikundi niliumaliza Agosti. Lita moja inasaga madebe 5 tena, wakati mwingine na nusu.

Wiki iliyopita lori limeshusha nguzo ndefu karibu na uwanja wa shule, na watoto wanasema ni za laini kubwa. Mama ameniuliza kama tulipoteza hela. Nilimwambia nitamjibu Jumapili, nikachukua futi kamba kwenda kupima toka zilipo hadi kibandani kwetu.